Vali Sita za Arobaini ya Bibi

Baharini, 9 Mei 2017

Mjomba Honorato,

Shikamoo. Ungekuwa karibu ningeuchukua mkono wako na kuugusisha kwenye paji la uso wangu kama mlivyotulea; kwa leo karatasi hii initumikie. Mimi ni mzima. Tulipo sitaji, na hilo huhitaji kuelezwa, maana ulilitumikia jeshi hili la wanamaji miaka ishirini na minne kabla yangu. Nitasema tu kwamba jua ni kali, na wali wa humu manowarini bado unapikwa na watu wasioujua. Wanauchemsha kwenye maji tele, kisha wanauchuja kama makaroni. Nimebakiza chupa moja ya siki ya Mama na samaki wakavu alionifungia mkaza mjomba Nenita. Nikifungua kopo, chumba kizima cha mabinti kinahama.

Goti lake linaendeleaje? Na ndimu zako za kwenye vyungu, umeshazitoa nje, au bado unaiogopa baridi ya Virginia?

Sasa la kufurahisha. Wiki iliyopita stoo kwangu ilifika kreti ya spea za idara ya vinu vya nyuklia. Ndani yake vali sita za mvuke, kila moja na cheti chake. Unajua zilivyo adimu. Kiwanda kilichotengeneza zile za mwanzo kilikufa kabla sijazaliwa, na meli yenyewe inanizidi umri, kwa hiyo kila kinachochakaa kinachongwa upya kwenye karakana ndogondogo huko kwenu. Nikageuza cheti nione ni mkaguzi gani aliyethibitisha chuma: Rodel Farrales! Binamu yangu! Nilicheka peke yangu. Nani angewaza kwamba mwanao atasaini vali, mimi niipokee upande wa pili wa dunia, na mvuke unaochemshwa na nyuklia upite humo kwenda kurusha ndege kutoka sitaha ya meli yetu?

Na mwandiko wake umependeza siku hizi. Zamani aliandika kama kuku aliyekanyaga wino.

Jambo moja dogo tu. Vyeti vyote ni vya tarehe 17 Februari. Hiyo si ndiyo arobaini ya Bibi? Nakumbuka ukoo mzima tulikuwa nyumbani San Narciso, Ufilipino, isipokuwa wewe na Nenita, kwa kuwa daktari alikukataza kupanda ndege na mguu ule. Niambie kama nimechanganya siku. Natengeneza albamu ya picha, nataka tarehe zikae sawa.

Nimetumia karatasi kwa sababu barua pepe za humu hupita machoni pa watu wengi, na mambo ya ukoo si ya watu wengi.

Mpwa wako,
Rizza


Virginia Beach, 1 Juni 2017

Mpwa wangu Rizza,

Marahaba. Barua yako ilikaa njiani siku kumi na tisa, nami nikakaa nayo siku nne. Ndimu nilizitoa tarehe 6 Mei. Mbili zina maua. Goti la Nenita linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Anauliza kama umepata mchumba, na kama si Mfilipino, anakula samaki?

Mimi niko. Jumanne na Ijumaa bado naenda kule Suffolk, karakanani kwa Bwana Whitt anakofanya kazi Rodel, kupanga karatasi za kusafirishia mizigo. Ni kazi ya mzee asiyetaka kukaa akitazama ukuta. Siku nyingine nasoma mpaka macho yanauma, halafu nafumba na kuona mashamba ya San Narciso baada ya mavuno, yale mabua yanayochomwa na moshi wake mtamu. Sijarudi tangu mwaka wa majivu ya volkano, 1991. Wanasema shule niliyosoma iko chini ya majivu yale, na juu yake pana kituo cha mafuta.

Jumapili Rodel alikuja kula na wanawe. Nikaitoa barua yako niwasomee, si yote.

"Rizza anasemaje?" akauliza.

"Anasema wali ni mbaya."

"Hana jipya huyo."

Nenita akachungulia juu ya bega langu. "Kurasa mbili za wali tu?"

Nikaikunja.

Sikujua kwamba wewe ni mtu wa albamu. Kuhusu ile tarehe, kichwa changu si kile cha zamani. Nadhani Rodel aliondoka mapema, arobaini yenyewe hakuikuta. Bosi wake ni mtu wa kutazama saa.

Nami nina swali. Ni nani anayeuliza? Ni wewe, au kuna mtu amesimama nyuma yako unapoandika? Na hizo vali, zimeshafungwa?

Mjomba wako,
Honorato


Baharini, 24 Juni 2017

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa, kwa siku kumi hakuna barua iliyotoka melini, na sababu yake nayo sitaji. Mwambie mkaza mjomba kwamba mchumba sina, nina zamu. Samaki wamekwisha na watu wamerudi chumbani.

Anayeuliza ni mimi. Mpaka leo ni mimi peke yangu. Na vali hazijafungwa.

Unasema Rodel aliondoka mapema. Mjomba, ninayo picha kwenye simu, ya saa nne asubuhi, tarehe 17, uani kwa Bibi. Rodel yuko pekupeku, amevaa fulana nyeusi, anageuza nguruwe juu ya makaa, na Mama yuko nyuma yake mdomo wazi. Nakumbuka alichokuwa anasema: "Polepole wewe, huyo si gurudumu la gari!" Baadaye Rodel ndiye aliyeibeba picha ya Bibi kwenda kanisani, kwa niaba yako wewe, mtoto wake wa kwanza. Hakuna mtu anayebeba picha San Narciso na kupima chuma Suffolk kwa siku moja. Kwa hiyo, ama kilipimwa na mtu mwingine, ama hakikupimwa.

Nikueleze hali ilivyo, ili baadaye usije ukaniambia hukujua. Vali hizi zinakwenda kwenye mabomba ya mvuke, chini kabisa, kwenye chumba cha mashine. Anayefanya kazi chini ya bomba mojawapo ni rafiki yangu Odessa Pruitt, fundi, mtu wa Alabama, mama wa mapacha. Kama chuma si chenyewe, vali itavumilia wiki, labda miezi. Siku ikipasuka, mvuke ule hauonekani kwa macho, na ukikufikia hupati nafasi ya kupiga kelele.

Kila siku anakuja kwenye dirisha la stoo yangu.

"We Rizza, vali zangu mmezipanda? Mnangoja ziote?"

"Karatasi zake hazijakaa sawa."

"Karatasi! Kwani bombani nafunga karatasi? Hiyo iliyopo inavuja kama pua ya mtoto. Mkuu wangu amesema kesho anakuja mwenyewe."

"Aje na keki."

Alicheka, lakini aliondoka akigeuka nyuma mara mbili.

Mjomba, kreti haijapotea. Nimeificha mimi, nyuma ya makatoni ya karatasi za chooni. Nikiitoa, nimemweka Odessa chini ya kitu nisichokiamini. Nikiripoti, wataniuliza nimejuaje, na jibu ni arobaini ya Bibi yetu. Cheti cha uongo cha spea kama hizi ni jela, na Rodel ana watoto watatu.

La mwisho. Nimevitazama vyeti tena kwa tochi. Kila saba imetiwa mstari katikati. Ni saba ya mtu wa stoo, kama ulivyonifundisha wewe nilipoingia jeshini, isije ikasomwa moja. Rodel hajawahi kukaa stoo hata siku moja. Nani amemfundisha?

Rizza


Virginia Beach, 15 Julai 2017

Mpwa wangu,

Marahaba. Niwie radhi kwa herufi hizi za mashine. Mkono wa kulia unaniuma, daktari anasema ni uzee, na Nenita ameniazima kompyuta yake. Amesimama mlangoni.

"Siku ya tatu sasa. Unaandika wosia?"

"Ni barua ya Rizza."

"Mtoto huyo anakuuliza nini kila mara?"

"Habari za wali."

Amekwenda zake, lakini mlango ameuacha wazi.

Binti mkubwa wa Rodel ameng'oka jino, amelifunga kwenye kitambaa alirushe juu ya paa kama tulivyofanya sisi. Paa la huku lina mwinuko mkali. Jino limemrudia mara tatu.

Nikuambie jambo ambalo hujawahi kuniuliza. Niliingia jeshini mwaka 1962, nikiwa na miaka kumi na tisa. Mfilipino wakati ule alipewa kazi moja tu: kuwahudumia maofisa. Miaka kumi na moja nilipiga pasi mashati ya wanaume niliowazidi kusoma. Nilipopewa stoo, niliingia kama mtu anayeingia kanisani. Nikakaa humo miaka kumi na tatu. Yote niliyonayo yametoka kwenye rafu zile: nyumba hii, shule ya Rodel, hata nauli iliyomleta mama yako. Sitaki jina hili liishie kwenye magazeti.

Kwa hiyo nakupa njia. Andika kwamba kreti ilianguka wakati wa kupakuliwa na vali zikakwaruzika. Chukua tupa, kwaruza kidogo tu pale zinapokutana na bomba. Spea ya namna hiyo ikiwa na mkwaruzo haifungwi. Itarudishwa na kuyeyushwa, na hakuna atakayesumbuka kusoma saini. Rafiki yako atakuwa salama, nasi tutabaki ukoo. Katika thelathini, sita hazitamshtua mtu.

Rodel usimwandikie, ana mambo mengi. Na kuhusu saba, watu wengi huzitia mstari.

Mjomba wako,
Honorato


Baharini, 6 Agosti 2017

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Jino la mtoto mwambieni alitupe kwa dirisha la juu, litakaa.

Mimi nilikutajia vali sita. Hesabu ya thelathini nimeisoma kwako wewe.

Tangu nina miaka saba unaniandikia kwa mkono. Mwaka ule ulipovunjika kidole uliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama walevi, na mwishoni ukaniambia kwamba barua ya mashine ni ya benki. Sasa nikikuuliza habari ya saba, inanijia barua ya mashine. Sikuhitaji kuuliza tena.

Nikwambie nilichofanya. Nilichukua tupa. Nilitoa makatoni, nikafungua kreti, nikaishika vali ya kwanza kwa mkono mtupu, kwa sababu wewe ndiye uliyesema mtu wa stoo hugusa chuma kwanza, karatasi baadaye. Ilikuwa baridi na nzito, haikuniambia kitu. Nikaiweka tupa juu yake. Mara Odessa huyo, dirishani.

"Unanitengenezea au unaniharibia?"

"Sijui bado."

"Basi ukijua nambie. Mimi ndiye nalala chini yake."

Alipoondoka nikaiwaza ile thelathini yako. Nikizikwaruza hizi sita, nimeiponya meli moja. Zile ishirini na nne ziko kwa nani? Huko nako kuna Odessa wao, na dirishani kwao hajakaa mpwa wako.

Tarehe 31 Julai niliandika ripoti nikaweka jina langu. Nilisema aliyetajwa kwenye vyeti siku hiyo alikuwa kwenye arobaini ya bibi yetu, nami nilimwona kwa macho. Nikatoa ile picha ya nguruwe. Sikuandika zaidi ya hapo. Vali zilipelekwa nchi kavu kwa ndege na jana majibu yamekuja: kati ya sita, mbili si chuma kilichoandikwa. Moja ilikuwa na lebo ya bomba la Odessa.

Walipomwambia, alikuja dirishani.

"Nyuma ya karatasi za chooni?" akauliza.

"Nyuma ya karatasi za chooni."

"Sitazilalamikia tena maisha yangu yote, hata zikwaruze vipi." Halafu akalia.

Mama anasema Rodel ameshapigiwa simu. Tukifika gatini mwezi ujao, wapelelezi watanisubiri, na swali nalijua: kama si yeye, mwandiko ni wa nani? Kabatini kwangu ninayo barua yako ya Juni, ya mkono. Sijamwonyesha mtu. Kuna siku naiona ni barua ya mjomba wangu, yenye ndimu na moshi wa mabua. Kuna siku naiona ni kitu kingine kabisa.

Usiniandikie tena kwa mashine. Andika kwa mkono, ama usiandike.

Rizza


Virginia Beach, 27 Agosti 2017

Mpwa wangu Rizza,

Marahaba. Ninaandika kwa mkono, na mkono hauumi. Haujawahi kuuma.

Ndimu zimezaa ishirini na tatu. Jino limekaa juu ya paa. Nenita ameyajua yote tangu Alhamisi, na kwa siku tatu alikuwa ananiwekea chakula bila neno na kugeuka. Jana Rodel alikuja, tukakaa nje kwenye vyungu.

"Baba, niwaambie nilivisaini kabla ya kuondoka?"

"Waambie kweli."

"Kweli ni wewe."

"Basi waambie ni mimi."

Mwezi Januari mama yangu alizikwa pasipo mtu hata mmoja kutoka nyumbani kwangu. Arobaini sikuweza kuiacha ipite hivyo. Mimi ndege nimekatazwa. Picha ile ilipaswa kubebwa na damu yangu. Bwana Whitt akamwambia Rodel hakuna ruhusa mpaka vali thelathini ziondoke na vyeti vyake. Rodel alikuwa amepima kumi na nane, vyeti hajaandika hata kimoja. Nikamwambia, nenda ukambebe bibi yako, vyeti niachie mimi. Alikataa. Nilimwambia kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake tangu akiwa mdogo, akaenda. Hilo nalo waambie.

Tarehe 17 ilikuwa Ijumaa, siku yangu ya kazi. Nilifika saa moja asubuhi nikakaa kwenye kiti cha Rodel. Kwenu ilikuwa usiku. Mama yako alipiga simu akaiweka juu ya meza, karibu na mishumaa, ili nisikie sala. Niliwasikia nyote mkiitikia, na sauti yako niliitambua. Mlikuwa mkiitikia, nami nasaini. Itikio moja, cheti kimoja. Zile kumi na mbili zilikuwa kwenye rafu, hatua nane kutoka nilipokaa. Sikuinuka hata kuzigusa.

Utakuwa umejiuliza kwa nini sikuandika tarehe nyingine. Rodel alinisihi niandike tarehe 10, siku aliyokuwa bado yuko kazini. Nilishika kalamu nikashindwa. Miaka kumi na tatu ya stoo sikuandika tarehe isiyokuwa ya siku ile. Jina la mwanangu niliweza kuliandika, tarehe ilinishinda. Tena tarehe yenyewe ni ile ya mama yangu.

Kesho Jumatatu nakwenda kwa wapelelezi, kabla hawajakuuliza wewe. Barua zangu zote wape, na hii iwe ya kwanza. Watahitaji mwandiko wa kulinganisha. Sitaki uchague tena kati yangu na dirisha lako. Ulishachagua mara moja, na ulichagua vizuri kuliko aliyekufundisha.

Leo asubuhi Nenita amevunja ukimya. Amesimama mlangoni na kikombe changu cha kahawa.

"Huko watakakokupeleka, kuna wali?"

"Upo. Wanauchuja kama makaroni."

Amekaa kitako akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Kisha ameniuliza sweta gani anifungashie.

Katika zile kumi na mbili ambazo hazikupimwa, nne zilikuwa kwenye kreti yako. Nane nyingine ziko kwenye rafu za meli nisizozijua, au zimeshafungwa. Mtu wa stoo hachomi nakala zake, hata akiwa mwongo, kwa hiyo namba za vali hizo ninazo. Kesho nawapelekea wao. Nakuandikia wewe pia, kwa kuwa barua za ofisini huchelewa kwenye meza za watu, na wewe unawajua watu wa madirisha mengine.

Ziko kwenye karatasi ya pili. Nimeziandika polepole, nikazirudia mara mbili, na kila saba nimeitia mstari, isije ikasomwa moja.

Mjomba wako,
Honorato Farrales